Atazoea mikono? Mwache azoee

Hakuna wiki inayopita kliniki ya watoto bila mama kuniuliza: "Daktari, nyumbani wananiambia nisimbebe kila akilia, eti atazoea mikono. Ni kweli?" Kama mtoto hajatimiza mwaka, jibu langu ni moja: mbebe. Mtoto wa miezi mitatu hana hila. Analia kwa sababu ana njaa, amelowa, anaumwa au anataka mtu.

Mtoto huzaliwa na sehemu kubwa ya seli za neva atakazotumia maishani, lakini ubongo wake una uzito wa karibu robo tu ya ule wa mtu mzima. Kufikia mwaka mmoja unakuwa umeongezeka takriban mara mbili. Kinachokua kwa kasi ni miunganiko kati ya seli hizo, na ile inayotumika mara kwa mara huimarika, isiyotumika hupunguzwa. Inatumikaje? Kwa mambo ambayo hata hatuyahesabu kuwa malezi. Akitoa sauti ya "aguu", unamrudishia "aguu". Akikodolea macho taa, unamwambia, "Eeh, taa hiyo." Akilia, anasikia hatua za mtu anakuja.

Asipojibiwa, mwili hutoa homoni ya msongo iitwayo kotisoli. Ya muda mfupi haina neno. Mama anayemalizia kusonga ugali huku mtoto analia hajaharibu ubongo wa mtu. Shida ni siku baada ya siku, bila mtu wa kumtuliza.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 wenye udumavu, wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Wengine walipewa maziwa ya nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani kila wiki, kwa takriban saa moja, na mhudumu wa afya ya jamii aliyecheza na mtoto na kumwonyesha mama namna ya kucheza naye, kuzungumza naye na kumsifu. Wapo waliopata vyote viwili, na wapo ambao hawakupata chochote. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Kazi hiyo iliendelea miaka miwili tu.

Miaka 20 baadaye walitafutwa. Waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Maziwa yalisaidia mwanzoni, ila faida yake haikudumu. Msinielewe vibaya, uji wa lishe na maziwa ya mama haviachwi. Nasema tu kwamba tunapima uzito kila mwezi na kuujaza kwenye kadi, halafu hatumuulizi mama kama anaongea na mtoto wake.

Romania nako, katika utafiti ulioanza mwaka 2000, watoto waliotolewa kwenye vituo vya yatima na kupelekwa kwa familia za kuwalea kabla ya kutimiza miaka 2 walionyesha, walipofika miaka 8, umeme wa ubongo unaokaribiana na wa waliolelewa makwao. Waliochelewa hawakufikia hapo.

Ukiona mama hamjibu mtoto, usikimbilie kumlaumu. Sonona baada ya kujifungua, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa. Mleteni kituoni, na kwa sasa baba, bibi au shangazi ampakate mtoto. Ubongo wa mtoto haudai mama peke yake. Unamdai mtu anayemjua, anayerudi kila siku.

Kwa wanaouliza wanunue nini: simu ya kumnyamazishia, hapana. Mwogeshe huku ukitaja pua, mkono, tumbo. Akishaweza kushika vitu, chukua chupa ndogo ya plastiki, tia punje za maharage, umtikisie, kisha umpe naye atikise. Kifuniko ukikaze sana na usimwache nayo peke yake, maana harage moja linatosha kumpalia.