Ufadhili wa chuo kwa vijana wajasiriamali: yanayosemwa na yalivyo

Nina steshenari Iyunga, hapa Mbeya, karibu na chuo. Msimu wa maombi ukifika, benchi langu hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja na lake alilolisikia.

Dhana: Ufadhili na mkopo wa bodi ni kitu kimoja.

Si kimoja. HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inakopesha. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Ufadhili haurudishwi. Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23, ni ufadhili kweli, ila inatazama ufaulu wa masomo ya sayansi, haitazami nani anajua kuuza. Kama ulisoma HGE (historia, jiografia na uchumi), hata genge lako likichangamka vipi, hiyo usiisubiri.

Dhana: Ukipata ufadhili wa ujasiriamali umepata mtaji.

Hapa ndipo wengi wanaponuna. Ufadhili unalipa ada, malazi na vitabu. Mtaji una milango yake: mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, isiyo na riba, ambayo sehemu yake ni ya vikundi vya vijana, au Tony Elumelu Foundation ya Nigeria, inayotoa dola 5,000 kwa Waafrika wenye biashara changa, uwe na digrii au usiwe nayo.

Chuo kizuri kinakufundisha jinsi mtaji unavyouma. EARTH cha Costa Rica ni chuo cha kilimo, na kimeshapokea Waafrika kwa ufadhili wa Mastercard Foundation, taasisi inayosomesha vijana wa Afrika. Pale wanafunzi wanaunda kampuni tangu mwaka wa kwanza, wanakopa chuoni, wanazalisha na kuuza, wanarudisha deni, faida inayobaki wanagawana. Shahada yenyewe ni ya kilimo, kwa hiyo na ile habari kwamba kijana mjasiriamali "lazima usome biashara" ili ufadhiliwe nayo iishie hapo. Masomo ni kwa Kihispania, usije ukasema hukuambiwa.

Dhana: Bila kujuana na mtu, hupati.

Anayekuomba hela ya kusukuma fomu, mkatie simu. Programu ya Mastercard Foundation, iliyoanza 2012, haimtozi mwombaji ufadhili hata senti.

Dhana: Barua ya maombi inataka maneno makubwa.

Kuna dogo mmoja wa Tukuyu alikuja na aya mbili za kulijenga taifa. "Kaka, nichapie tu hivi hivi." Nikaona kidole gumba chake kimejaa makovu ya wembe. Nikamuuliza. Kumbe anabebesha, yaani anaunganisha, miche ya parachichi aina ya Hass nyuma ya jiko la bibi yake. Msimu ule alibebesha 200, ikakauka 63, maana vikonyo vya kubebeshea alivikata mchana wa jua kali akavibeba kwenye bodaboda bila kuvifunika. Iliyobaki akaiuza, akamlipia mdogo wake michango ya shule. Haya yote hakuyaandika.

"Ile si biashara, kaka. Ni kibarua."

Wafadhili kama Mastercard Foundation wanasoma alama zako, hali ya kwenu, kisha wanatafuta ulichowahi kukijaribu kwa mikono yako, kikafa au kikapona. Tukafuta zile aya mbili za taifa, tukaanza na miche 63 iliyokauka.