Ruzuku ya mipango ya nishati jadidifu ni nini?

Ruzuku ya mipango ya nishati jadidifu ni fedha ya umma inayopewa halmashauri ili iamue, kabla mwekezaji hajabisha hodi, umeme wa jua au upepo uzalishwe wapi, kwa masharti gani, na ardhi ipi isiguswe kabisa. Fedha hii hainunui paneli hata moja. Inalipia vipimo, ramani, mikutano ya vijiji, kazi ya maofisa mipango na ardhi, na gharama za kuufanya mpango uwe na nguvu ya kisheria. Wananchi waelezwe hivyo tangu mkutano wa kwanza. Wakisikia tu "fedha za nishati" watasubiri nguzo na taa, na mwaka ukipita bila nguzo watauliza, kwa haki yao, fedha zimekwenda wapi.

California, Marekani, iliweka utaratibu huu katika sheria mwaka 2011. Hadi dola milioni 7 zilitengwa kwa ajili ya kaunti, zikiwemo za jangwani kama Imperial, Inyo na San Bernardino. San Bernardino ilipitisha sura ya nishati katika mpango wake mkuu mwaka 2017, na mwaka 2019 madiwani wake wakazuia miradi mikubwa ya jua katika maeneo ya makazi ya vijijini. Kwa maoni yetu hapo ndipo thamani ya fedha hizi inapoonekana: serikali ya mtaa inapata uwezo wa kukubali au kukataa kwa kufuata mpango wake yenyewe, badala ya kuufuata mchoro wa mwekezaji.

Nyanda kavu zinahitaji mipango kuliko sehemu nyingine kwa sababu mgeni huziona tupu. Ukitoka Arusha kwenda Namanga mwezi wa tisa, mbuga za Longido zinaonekana hazina mwenyewe. Kumbe hapa ni malisho ya masika, pale pametengewa ndama wakati wa kiangazi, na upande wa Kilimanjaro Magharibi tembo hupita ushoroba (njia ya wanyamapori) wa Kitendeni kwenda na kurudi Amboseli, Kenya. Megawati 1 ya jua huchukua takriban hekta 2. Mradi wa megawati 50 basi ni kama hekta 100, sawa na ekari 250 hivi, na zote huzungushiwa uzio. Uzio ukikata njia ya kwenda kisimani, ng'ombe watazunguka kilomita kadhaa kila siku ya kunywa maji.

Kwa hiyo ramani ya matumizi ya ardhi ichorwe mara mbili, kiangazi na masika, tena pamoja na wafugaji wenyewe. Juu yake huwekwa tabaka la laini za umeme (laini ya kilovolti 400 inayotoka Singida kupitia Arusha hadi Namanga ni ya kuangaliwa kwanza), kisha mteremko, visima, mapito ya mifugo na wanyamapori, na makorongo. Makorongo husahaulika sana. Picha ya setilaiti ya kiangazi huonyesha mchanga mkavu, halafu mvua moja kubwa inashusha maji yanayong'oa misingi. Maji ya kuosha vumbi kwenye paneli nayo yapigiwe hesabu mapema, maana yatatoka kwenye kisima kilekile cha mifugo. Upepo unataka mlingoti wa vipimo usimame angalau miezi 12; vipimo vya msimu mmoja hudanganya.

Hapa kwetu Tanzania, Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, unachangiwa na kila mteja wa umeme: ni ile asilimia 3 ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) unayoiona kwenye risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Sehemu kubwa ya fedha za aina hii huenda kwenye ujenzi. Halmashauri inayotaka za kupangia lazima iandike andiko mahususi lenye hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa), ratiba na gharama za kila hatua.

Mipango mingi huharibikia sehemu zilezile. Malipo huja kwa awamu, baada ya kazi kukaguliwa, hivyo halmashauri isiyo na fedha za kutanguliza hukwama katikati. Mikutano huitishwa kiangazi wakati vijana wamehama na mifugo, akidi haitimii, na muhtasari unakosa nguvu. Hilo ni kosa zito, kwa sababu chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Zaidi ya hapo idhini ni ya waziri, baada ya kijiji kusikilizwa. Ramani ya nishati isiyoingizwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji itaishia kabatini.

Tena, mkataba wa mtaalamu mshauri utamke wazi kwamba mafaili halisi ya ramani na takwimu za vipimo ni mali ya halmashauri. Ukipokea ripoti iliyochapwa peke yake, siku kijiji kitakapogawanywa utalipia kazi ileile upya.