Kuacha Sigara kwa Mpango: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wavutaji wengi wa sigara wanatamani kuacha, na wengi wao wamekwisha kujaribu zaidi ya mara moja. Kwa niliyoyaona katika ukoo wetu na kwa majirani, kinachowaangusha mara nyingi si kukosa nia, bali ni maneno waliyoyasikia na kuyaamini kabla hawajaanza, maneno yanayowafanya waone kwamba kujiandaa ni kupoteza muda. Nitayachukua yale ninayoyasikia mara kwa mara na kuyaweka mbele ya ukweli wake.

“Mwenye nia ya kweli hahitaji mpango, anatupa pakiti na kazi imekwisha.”

Wapo walioacha namna hiyo, na wanastahili heshima. Hata hivyo, katika kila watu 100 wanaojaribu bila msaada wowote, wanaokuwa bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi 12 ni kama 3 hadi 5 tu. Sababu iko mwilini. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya mtu kuvuta moshi, na katika muda wa kama saa 2 nusu yake huwa imekwisha kuondoka katika damu, kwa hiyo mvutaji anashinda kutwa akipanda na kushuka, na kila anaposhuka hukutana na mahali, saa au mtu ambaye ubongo wake umekwisha kumfungamanisha na sigara. Nia peke yake haijui mahali hapo ni wapi. Mpango ndio unaopaswa kupajua.

Shemeji yangu, dereva wa lori la kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, alianza kwa karatasi. Kwa wiki nzima, kabla ya kuwasha kila sigara, aliandika saa, mahali na sababu kwenye ile karatasi ya kung’aa inayokuwa ndani ya pakiti. Alipokuja kuzihesabu, alikuta kwamba katika sigara 15 za siku, 9 zilikuwa za kusubiri: foleni ya mizani ya Vigwaza, foleni ya mpakani, kusubiri mzigo ushushwe. Nyingi katika zilizobaki zilifuata chai au chakula. Kutokana na karatasi zile ndipo alipojua cha kupanga. Alinunua karanga za kutafuna kwenye foleni, akazoea kushuka na kulizunguka lori badala ya kukaa ndani akiangalia saa, akawa anapiga mswaki mara tu baada ya kula, na akamwambia utingo wake asikubali tena kutumwa sigara. Mwenye kibanda cha mtaani kwetu, ambaye humuuzia mojamoja na hata kwa mkopo, naye aliombwa amnyime. Haya yote aliyafanya kabla ya siku ya kuacha, ambayo aliiweka ndani ya wiki 2 ili ari isije ikapoa.

“Sigara hunituliza, nikiacha nitachanganyikiwa.”

Katika karatasi za shemeji hapakuwa na hata mstari mmoja wa mlima Kitonga, wenye kona kali katika njia hiyo. Kwenye kona zile, ambako roho yake huwa juu kuliko mahali pengine popote njiani, hakuwasha sigara hata moja, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na alishuka na kupanda salama. Jambo hilo lilimstaajabisha sana, kwa maana siku zote aliamini kwamba bila sigara asingeimudu kazi ile.

Utulivu anaousikia mvutaji ni wa kweli, ila kinachotulizwa kwa sehemu kubwa ni ile arosto iliyoanza tangu sigara ya mwisho ilipozimwa. Tafiti zilizowalinganisha watu kabla na baada ya kuacha zimeonyesha kwamba, majuma ya mwanzo yakishapita, wasiwasi, huzuni na msongo wa mawazo hupungua badala ya kuongezeka. Majuma hayo ya mwanzo ndiyo yanayohitaji kupangwa, maana hasira za haraka, usingizi wa kukatika na akili kutotulia ni mambo ya kutarajiwa, na watu wa nyumbani wakijulishwa mapema hawatadhani kwamba wamekosewa adabu.

Kuna jambo moja ambalo wachache huambiwa. Moshi wa sigara hulifanya ini kuichambua kafeini kwa haraka zaidi, na mtu anapoacha, kahawa ileile aliyoizoea hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mtu anayekunywa vikombe vingi vya kahawa kwenye baraza hutetemeka, moyo humwenda mbio, hakosi kukesha, naye hudhani yote hayo ni ya sigara, ilhali angepunguza kahawa yake hadi nusu kuanzia siku ya kuacha angepata nafuu kubwa. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia aminofilini kwa ajili ya pumu, au dawa za baadhi ya maradhi ya akili, anapaswa kumweleza daktari wake kabla ya kuacha, kwa kuwa kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kubadilishwa.

“Ramadhani nafunga kutwa bila kuvuta, kwa hiyo naweza kuacha siku yoyote nitakayo.”

Dhana hii inanigusa zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli. Huku kwetu pwani mfungaji hukaa zaidi ya saa 13 bila moshi, na huo ni ushahidi kwamba mwili unaweza. Ndani ya saa 12 kiwango cha hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni katika damu hurudi katika hali ya kawaida, na kufikia magharibi nikotini nyingi imekwisha kutoka. Kisha, baada ya tende na uji, kiberiti kinawashwa.

Arosto ya sigara hufikia kilele kati ya siku ya 2 na ya 3, halafu hupungua katika muda wa wiki 2 hadi 4. Anayefunga mchana na kuvuta usiku huanza upya kila jioni; anayapitia magumu ya saa za mwanzo mara 29 au 30 bila kukifikia kilele wala kukivuka, na mwezi unapoandama anabaki na kumbukumbu ya taabu ile, akaamini kwamba kuacha kabisa kungekuwa taabu hiyo kwa maisha yake yote. Mimi ningemshauri aanze maandalizi katika Shaabani, azitambue sigara zake za usiku, yaani ya baada ya futari, ya baada ya tarawehe na ya kabla ya daku, na kwa kila moja aamue mapema atakuwa wapi, na nani, na mdomoni atatia nini. Futari ikimalizika, asukutue kinywa na kuondoka mahali hapo papo hapo, kwa kuwa uchu mmoja huchukua dakika chache tu kabla ya kupungua.

“Ni afadhali kupunguza kidogo kidogo.”

Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016, wavutaji 697 walipewa tarehe ya kuacha. Baadhi waliacha kwa mkupuo siku hiyo, na wengine walipunguza kwa wiki 2 kabla ya kuifikia, na wote walipata ushauri pamoja na dawa zenye nikotini. Baada ya wiki 4, walioacha kwa mkupuo ambao hawakuwa wamerudia walikuwa asilimia 49, na waliopunguza walikuwa asilimia 39. Kupunguza si kosa kwa mtu ambaye hawezi njia nyingine, ilimradi kuwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Ninachokiogopa ni kupunguza kusiko na mwisho, mtu akafika sigara moja kwa siku na kujihesabu kuwa amenusurika, wakati sigara hiyo moja humwachia karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo aliyo nayo anayevuta 20.

Wapo pia wanaohamia kwenye shisha wakidhani maji huchuja sumu. Hayachuji kiasi cha kumlinda mtu.

“Plasta ya nikotini ni sigara kwa jina jingine.”

Nikotini ndiyo inayomfunga mtu kwenye sigara, lakini kinachomletea saratani na kumharibia mapafu ni moshi, wenye lami, monoksidi ya kaboni na kemikali takribani 70 zinazojulikana kusababisha saratani. Plasta hutoa nikotini polepole kupitia ngozi, bila moshi, na ubani wa kutafuna wenye nikotini hutumika uchu unapokuja ghafla. Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba hizi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, likaongeza vareniklini na bupropioni, ambazo ni vidonge visivyo na nikotini, mwaka 2021, na mwongozo wake wa Julai 2024 unapendekeza kwamba dawa ziende pamoja na ushauri. Kwa kuwa hazipatikani katika kila duka la dawa, wala bei yake si ya kila mfuko, ulizia kabla ya tarehe yako kufika. Mjamzito na mgonjwa wa moyo waanze kwa daktari.

“Nimekwisha kuchelewa.”

Madaktari wa kiume wa Uingereza waliofuatiliwa kuanzia 1951 hadi 2001 walitoa jibu. Walioacha wakiwa na miaka 60 walijipatia takribani miaka 3 zaidi ya kuishi kuliko walioendelea kuvuta, wa miaka 50 walipata 6, wa 40 walipata 9, na wa 30 walipata kama 10.

“Nikivuta hata moja tu, nimeshindwa.”

Siku ya 19, Tunduma, shemeji alivuta. Alinipigia simu usiku, sauti imemwishia, akisema kwamba yote yamekwenda bure na kwamba kesho atanunua pakiti. Nilimwomba afanye kama mwanzo, aandike saa, mahali na sababu, naye akaandika kwamba ilikuwa saa 3 usiku, foleni haijasogea tangu asubuhi, karanga zimekwisha, na ameketi na madereva wanne ambao wote walikuwa wanavuta. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa kitu cha kurekebishwa, na hakuna hata kimoja kilichomaanisha kwamba siku 18 zilizotangulia zimefutika mwilini. Wengi walioacha kabisa walianguka mara kadhaa kabla ya hapo. Hakununua pakiti. Safari iliyofuata alibeba karanga za kutosha siku 3, akawaambia wenzake wa foleni kwamba ameacha, na lori lilipokwama tena mpakani alikwenda kukaa kwa mama lishe, ambako hakuna aliyekuwa anavuta.