Nafuu ina mita ngapi?

Muulize mgonjwa anaendeleaje, atakujibu hata kabla hujamaliza: "Namshukuru Mungu, naendelea vizuri." Atasema hivyo akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kushoto umemlalia mapajani kama si wake. Si uongo huo, ni adabu. Tumelelewa kusema "sijambo" kwanza na mengine baadaye, na mtu mzima akipewa shikamoo haachi kuitikia marahaba akaanza kuhesabu maumivu.

Ukimkazania kidogo atakupa neno jingine: nafuu. "Nimepata nafuu, mwanangu." Neno hilo nalipenda na linaninyima usingizi, kwa sababu kazi yangu ya fiziotherapia, na utafiti ninaoufanya juu ya watu waliopata kiharusi, vyote vinaanzia hapo. Nafuu kiasi gani? Kuliko lini? Na je, imeletwa na mazoezi niliyompa, au imekuja yenyewe?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu. Ubongo uliopigwa na kiharusi hujirudi wenyewe kwa kiasi fulani, hasa miezi ya mwanzo. Jijini Copenhagen wagonjwa karibu 1,200 walifuatiliwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1995 yalionyesha kwamba asilimia 95 yao walifika kilele cha uwezo wao wa kujihudumia ndani ya wiki 13 hivi. Sasa fikiria ni mambo mangapi mgonjwa wetu hufanyiwa ndani ya wiki hizo. Anachuliwa mafuta, anaombewa, anapewa dawa ya mizizi, anakuja kwangu mara mbili kwa wiki. Mguu ukianza kunyanyuka, kila mmoja wetu anasema ni yeye. Ndiyo maana utafiti wa utengamao, kazi hii ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, unahitaji kundi la kulinganishia, yaani watu wa hali ileile waliogawanywa kwa bahati nasibu, ambao nao siku zinawapitia vilevile lakini hawapati lile jambo tunalolijaribu.

Na ukishakuwa na makundi mawili, unahitaji kipimo.

Mwaka 1989 watafiti watatu waliokuwa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, Roman Jaeschke, Joel Singer na Gordon Guyatt, walilishika suala la nafuu kwa namna ninayoiheshimu mpaka leo. Walitafuta tofauti ndogo kabisa ya alama ambayo mgonjwa mwenyewe anaiona ina faida, na ambayo inatosha kubadili matibabu yake iwapo hakuna madhara wala gharama za kupindukia. Wagonjwa walijibu dodoso, kisha wakaulizwa waziwazi: tangu mara iliyopita hali yako imezidi kuwa mbaya, iko palepale, au ni afadhali, na kwa kadiri gani? Mabadiliko ya alama yaliyoendana na jibu la "afadhali kidogo" ndiyo yaliyowaonyesha mpaka. Wataalamu wana jina refu la kitu hicho. Mimi naona Kiswahili kilikuwa nalo siku zote, na ni lilelile analolitumia mgonjwa wangu.

Chukua kipimo cha kutembea dakika 6. Mgonjwa anakwenda na kurudi kwenye njia iliyonyooka ya mita 30, koni moja kila mwisho, na kazi yake ni kwenda mbali kadiri awezavyo. Akichoka anaruhusiwa kusimama, akaegemea ukuta, akaendelea, saa haisimami. Kwa watu wazima wenye magonjwa sugu ya mapafu, mwongozo wa mwaka 2014 wa vyama vya wataalamu wa mapafu vya Ulaya na Marekani uliuweka mpaka wa nafuu kwenye mita 30 hivi. Mita 30 ni kutoka mlangoni pako mpaka kwa muuza mkaa. Kwa mtu ambaye jana aliishia barazani, huo ni umbali mkubwa mno.

Lakini mita 30 hupotea kirahisi, na hupatikana kirahisi vilevile, bila mgonjwa kubadilika hata kidogo. Mwongozo huohuo unaeleza kwamba mtu akirudia kipimo, kwa wastani anaongeza mita 26 kwa sababu tu ameshaizoea shughuli. Ameshajua namna ya kugawa pumzi zake, haogopi tena, basi. Kwa hiyo mtafiti anayempima mgonjwa mara moja kabla ya tiba na mara moja baada ya tiba anaweza kutangaza nafuu ambayo karibu yote ni mazoea. Dawa yake ni kupima mara mbili kila safari, kwa mapumziko ya kutosha katikati, na kuchukua umbali mrefu zaidi. Inakula muda. Wauguzi wananuna. Hakuna njia ya mkato hapo.

Halafu kuna njia yenyewe. Nani ana korido ya mita 30 iliyo tupu? Korido zetu zina machela, zina ndugu waliokaa chini na hotpoti za chakula cha mchana. Wengi hupima kwenye mita 15. Sasa hesabu: anayetembea mita 300 kwenye njia ya mita 30 anageuka mara 9, kwenye njia ya mita 15 anageuka mara 19. Na kwa mtu aliyepooza upande mmoja, kugeuka ndiko kunakomla muda: anasimama, anatafuta kituo cha mguu mzima, anauvuta ule mgonjwa, anapata mizani, ndipo anaondoka. Ukimpima Februari uani kwenye mita 30, na Aprili ukamwingiza ndani kwenye mita 15 kwa sababu ya mvua za masika, fomu itasema amezorota. Iliyobadilika ni mvua tu.

Mdomo wa mpimaji nao unahesabika. Guyatt na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba kumtia mgonjwa moyo anapotembea kunamwongezea umbali, kiasi kinachofanana na kile ambacho tafiti nyingine zilikuwa zikikiita faida ya tiba. Kwa hiyo mwongozo wa Marekani wa mwaka 2002 uliandika hata maneno ya kusema. Dakika ya kwanza ikiisha: unafanya vizuri, zimebaki dakika 5. Ya pili: endelea hivyohivyo, zimebaki 4. Sauti ya kawaida, bila kuongeza neno, na bila kutembea sambamba na mgonjwa, maana akikuona ubavuni ataufuata mwendo wako. Tulikuwa na kijana mmoja mwenye roho nzuri kweli, anawapenda wagonjwa, wakianza tu anapaza sauti: "Twende mama! Kaza! Hapohapo!" Nilimweka kando nikamweleza. Alihuzunika. Aliona namfundisha ukatili. Nilimwambia huruma hiyo aipeleke kwenye chumba cha mazoezi, huko aipaze atakavyo. Hapa kwenye koni, huruma ni kumpima huyu mama sawasawa na tulivyompima mwezi uliopita, ili nafuu yake ikionekana iwe yake kweli.

Nami nimeshakosea, tena kosa la kiti. Kuna kipimo kifupi kilichochapishwa mwaka 1991 na Podsiadlo na Richardson wa Montreal: mgonjwa anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa, nawe unahesabu sekunde. Kiti kiwe na mikono, na urefu wa kukalia uwe kama sentimita 46. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, kiti chetu kilichukuliwa kupelekwa mapokezi, na kwa wiki mbili wasaidizi wangu wakatumia benchi la mbao lisilo na mikono. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza. Nilipokaa na takwimu jioni nikaona wagonjwa kadhaa wamerudi nyuma kwa pamoja, na kila mmoja nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiendelea vizuri. Mtu dhaifu wa mapaja huinuka kwa kusukuma mikono ya kiti. Mnyime mikono hiyo, umempa kazi nyingine kabisa. Takwimu za wiki hizo mbili niliziondoa zote. Tangu siku hiyo fomu yetu ina mstari wa kiti, mstari wa fimbo, na mstari wa viatu, maana mtu aliyekuja kwa ndala na akarudi kwa raba si mtu mmoja mbele ya saa.

Hayo yote ni nidhamu ya kupima vilevile kila mara. Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalonifanya niandike leo: unapima nini?

Dodoso la SF-36, linalotumika dunia nzima kuuliza watu hali ya afya yao, katika Kiingereza chake cha Marekani linamuuliza mtu kama afya yake inamzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Lilipotafsiriwa kwa Kiswahili kwa matumizi ya Tanzania, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1999, watafsiri walikuwa na zaidi ya maneno ya kuhangaika nayo. Gofu lina neno. Maisha ya gofu ndiyo hayapo kwa bibi wa Mbagala. Anayetafsiri dodoso inambidi aulize: swali hili lilitaka kujua nguvu kiasi gani, na hapa kwetu nguvu hiyo mtu anaitumia wapi? Kuchota maji? Kufagia uwanja? Kutwanga?

Au chukua faharasa ya Barthel, ambayo naitumia karibu kila siku. Daktari Florence Mahoney na mfiziotherapia Dorothea Barthel waliichapisha mwaka 1965 kule Maryland. Mambo 10, alama kuanzia 0 mpaka 100: kula, kuoga, kuvaa, choo, kutoka kitandani kwenda kitini, kupanda ngazi, na kadhalika. Ni kipimo kizuri, chepesi, na waliokitunga walikuwa wakweli: waliandika wenyewe kwamba mwenye alama 100 anaweza kuishi bila mtu wa kumhudumia, lakini hiyo haina maana kwamba anaweza kupika na kuendesha nyumba. Onyo hilo tumelisahau. Mgonjwa wangu anatumia choo cha kukaa cha wodini, anashika chuma cha ukutani, nampa alama zote 10 za choo. Anarudi nyumbani, choo ni cha kuchuchumaa, hakuna cha kushika, na binti yake analazimika kuingia naye. Kwenye faili langu amepona. Nyumbani kwake ameacha kunywa maji baada ya saa 12 jioni ili asiende chooni usiku.

Nasema hivi nikijua hatari yake. Mtafiti akianza kulalamikia kipimo, mara nyingi ni kwa sababu matokeo hayajampendeza. Utafiti ulionifundisha hilo ni ule mkubwa wa India uliotolewa mwaka 2017, hospitali 14, wagonjwa 1,250 wa kiharusi. Ndugu wa mgonjwa walifundishwa kumfanyisha mazoezi, wakaendelea nayo nyumbani. Nani kati yetu asingeapa kwamba hiyo inasaidia? Hospitali zetu zinaendeshwa na ndugu. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi lililofundishwa, na asilimia 47 katika kundi lisilofundishwa. Niliisoma mara tatu.

Ningeweza kusema kipimo chao, chenye ngazi 7 tu kutoka 0 ya asiye na dalili yoyote mpaka 6 ya aliyefariki, kilikuwa kikubwa mno kuona mambo madogo. Ni kweli kwamba mtu anaweza kutoka kulishwa hadi kula mwenyewe na bado akabaki ngazi ileile. Lakini kipimo hicho walikitangaza kabla ya kuanza, na aliyepima hakujua mgonjwa yuko kundi gani, jambo gumu kulilinda katika kazi yetu, maana mgonjwa mwenyewe hulitoboa: "Yule dada wa mazoezi alinionyesha nishike hivi." Anayechagua kipimo baada ya kuona matokeo anasimamisha magoli mpira ukiwa umeshatua. Kwa hiyo nayachukua matokeo yao kama yalivyo, na nikitaka kipimo kingine, nikitengeneze sasa, mapema, nikijaribu kabla sijakitegemea.

Hicho ndicho tunachokifanya mwaka huu. Kilianzia kwa bibi mmoja mwenye alama 100 za Barthel aliyekataa kuruhusiwa. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, natembea, nakula, nimekubali. Lakini nasali kwenye kiti. Nikishuka mkekani siinuki." Kwenye fomu nzima hapakuwa na mstari wa kushuka chini na kuinuka, ilhali mkekani ndipo tunapolia chakula, tunapochambulia mchele, tunapoomboleza misiba, tunapomlaza mtoto.

Tumetandika mkeka, tumeweka alama ya chaki pa kusimama, na wapimaji wawili wanampima mgonjwa mmoja bila kuonyeshana saa zao. Wiki ya kwanza walitofautiana mpaka sekunde 4 kwa mtu huyohuyo. Tulipowachunguza, mmoja alikuwa anasimamisha saa goti la mwisho linapoachana na mkeka. Mwingine anangoja mgongo unyooke. Tumekubaliana mgongo, kwa sababu bibi akitoka kwenye sijda, mgongo ukinyooka ndipo anaposema amesimama. Kesho tunaanza upya na wagonjwa walewale.