Nani kakuambia Mbeya themostati haina kazi?

Jumamosi asubuhi, kikombe cha chai kiko mkononi, simu inaita. Ni mzee mmoja wa Forest, mteja wangu wa siku nyingi, mwenye shughuli zake za dhahabu Chunya. Upepo unavuma kwenye simu, nikajua yuko juu kwenye ule mpando wa barabara ya Chunya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari limechemsha."

"Themostati ipo?"

Akacheka kabisa. "Themostati ya nini na baridi hii? Fundi wa mwanzo alishaitoa, akasema sasa rejeta itapumua."

Rejeta itapumua! Huyo ni wa nne tangu mwaka uanze, na wote wanne maneno ni hayo hayo, utadhani walikaa darasa moja. Leo naandika kuhusu themostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupooza injini kulingana na joto, ili wa tano nimtumie hii nirudi kwenye chai yangu.

Magari ninayoongelea ni Toyota Land Cruiser VX 100 na ndugu yake Lexus LX 470, yale mashangingi yenye injini ya 2UZ, V8 ya petroli, lita 4.7. Langu ni la mwaka 2000, limeshatembea kilomita 412,000, nalihudumia mwenyewe uani kwangu Uyole chini ya mparachichi. Bloku ya injini hii ni chuma cha kusubu, haifi kirahisi. Silinda hedi ni aluminiamu, na hizo ukizichemsha mara mbili tatu zinapinda. Ndiyo maana kwenye habari za kupooza sina utani.

Watu wanadhani themostati ni kizibo: Mjapani kaweka kitu katikati ya bomba kinachozuia maji, ukikitoa maji yanatembea vizuri zaidi. Kuna injini za zamani ambazo ukiitoa hutaona shida zaidi ya injini kuchelewa kupata moto, na nadhani ushauri huu ulizaliwa huko. Lakini chukua themostati ya 2UZ uishike mkononi. Ina sahani mbili. Ile kubwa inafungua njia ya maji yanayotoka kwenye rejeta. Ile ndogo ya chini, ambayo hakuna anayeiuliza, inaziba njia ya mkato, yaani njia inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, ya rejeta imefungwa na ya mkato iko wazi. Injini ikipata moto, kubwa inafunguka na ndogo inaziba. Ni kifaa kimoja, kazi mbili.

Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi maisha yako yote. Sehemu ya maji inazunguka humo humo, inatoka injini ya moto inarudi injini ya moto, rejeta inayaona kwa mbali tu. Mjini hutagundua. Kwenye tambarare ya Mbarali hutagundua. Sasa pakia watu saba na jenereta, panda Chunya, au zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba, mwendo mdogo, gia nzito. Hapo injini inataka kila tone lipite kwenye rejeta, na wewe umeshaliruhusu lipite uchochoroni. Kwa hiyo mzee wangu alitoa kitu ili gari lisichemshe, na kukosekana kwa kitu hicho kukamchemshia gari.

Nikiri jambo. Si kila VX isiyo na themostati inachemsha. Rejeta ikiwa mpya na feni inashika vizuri, unaweza kumaliza miaka bila kuona kitu, na ndiyo maana mafundi hawaaminiani kwenye hili. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilikuwa nazitoa kwenye magari ya watu. Nikalipwa, nikashukuriwa na soda juu.

Halafu hiyo hoja ya baridi imekaa kichwa chini miguu juu. Baridi ndiyo sababu ya kuiweka! Asubuhi ya Juni hapa Uyole, injini isiyo na themostati inafika kazini bado haijapata moto. Sensa inaiambia kontroo boksi "huku baridi", kontroo boksi inaongeza petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na wewe unalalamika shangingi linakunywa. Ukifungua kifuniko cha oili unakuta utando mweupe kama mtindi. Kuna dada wa Soweto ya hapa Mbeya alishaambiwa gasketi imekatika, injini ishushwe. Ulikuwa mvuke tu, injini haikuwahi kupata moto wa kuukausha. Tuliweka themostati, tukabadilisha oili, injini ikabaki mahali pake.

Kuipima nyumbani ni rahisi: sufuria, maji, kipimajoto, uzi wa kuining'iniza isiguse chini. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 10 au zaidi. Mara ya kwanza nilihangaika jioni nzima. Maji yanatokota, mke wangu anataka jiko lake, kipimajoto kimegoma kwenye 94 na themostati haijafika milimita 10. Nikaitupa. Nikachukua nyingine, ikafanya vile vile, nikaitupa nayo. Siku nyingi baadaye ndipo nilipojiona mjinga: Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hiyo 95 ya kitabu haipatikani kwenye sufuria ya wazi ya Uyole. Nilitupa themostati mbili nzima.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo mtu wa Dar anaweza kulipuuza, wewe usilipuuze. Kifuniko cha rejeta. Kile si kifuniko cha chungu, kinashika presha, kwenye hizi gari kiasi cha kilopaskali 108. Kikiwa kizima, hata hapa Mbeya maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Mpira wake ukikauka, umerudi kwenye sufuria: 94 hapa, na ukipanda Kitulo ni kama 91. Injini yenyewe inafanya kazi kwenye 80 na kitu hadi 90 na kitu, kwa hiyo umebakiwa na nafasi ya kucha. Kuna watu wanakilegeza makusudi ili "presha isipasue hozi". Mungu awasamehe.

Mengine haraka haraka. Mshale wa temperecha umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda kiasi. Ukiuona umesogea, mambo yameshaharibika, kwa hiyo nunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani usome nyuzi kwenye simu. Wota pampu inazungushwa na mkanda wa taiming, vibadilishe pamoja kila kilomita 150,000. Themostati ina kipini kidogo kinachocheza, kikae juu, ndicho kinachotoa hewa. Ukijaza kulanti, yaani maji maalumu ya kupooza injini, washa hita mpaka mwisho na upaki pua ikitazama kilimani. Kwa Mbeya, kilima hukikosi.

Nyuma ya injini, ukutani, kuna viunganishi viwili vya plastiki vya umbo la T vya hozi za hita. Kwenye gari la umri huu vibadilishe leo. Vyangu nilivigusa kwa kidole, kimoja kikavunjika kama biskuti. Kingenivunjikia kwenye mlima Kitonga, maji yote yangemwagika kabla mshale haujashtuka.

Kwenye kulanti ndipo bado napata wasiwasi. Maji matupu ya bomba yanakula aluminiamu, hilo halina mjadala. Ila gari lililokunywa maji ya bomba miaka kumi, ukilisafisha vizuri ukaweka kulanti mpya, mara nyingine linaanza kuvuja pale ambapo kutu ilikuwa imeziba. Imeshanitokea, mteja akaondoka anaamini nimemharibia. Siku hizi namwambia mwenye gari kabla sijafungua kitu, na bado sijaamua kama ni heri kusafisha au kuliacha lilivyo.

Yule mzee nilimwambia azime gari, asiguse kifuniko, asubiri lipoe kabisa. Nikamfuata na kulanti, jioni tukalishusha taratibu hadi kwangu. Rejeta nzima, kifuniko kimekufa, themostati hakuna. Tukaweka vyote viwili, kipini juu.

Jumatatu akapiga tena. Hita inamuunguza miguu. Tangu mwaka jana anaendesha na koti, anajua hita ya gari lake imekufa.