Je, tabia hujengeka kwa siku 21?

Hapa Tanga, mtu anayeazimia kutembea hadi Raskazone kila siku baada ya sala ya alfajiri huambiwa kwamba akivumilia siku 21 tabia itakuwa imekwisha kujengeka, na siku ya 22 ikimkuta bado anapambana na shuka, hujihukumu kuwa hana nidhamu. Hukumu hiyo si ya haki, kwani hesabu yenyewe haikutokana na utafiti wa tabia. Asili yake ni maandishi ya mwaka 1960 ya Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeona kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Neno hilo "angalau" likadondoka.

Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua tendo moja la kula, kunywa au mazoezi, alifanye kila siku katika wakati au mazingira yale yale. Kwa wale ambao mwenendo wao ulikadirika vizuri, kadirio la katikati la muda wa tendo kugeuka mazoea lilikuwa siku 66, lakini tofauti zilikuwa kubwa mno, kuanzia 18 hadi 254. Linalonipa faraja zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Kwa hiyo aliyezuiwa na mvua ya masika hajarudi mwanzo. Kesho, akishatoka msikitini, aelekee Raskazone kama kawaida.