Muulizaji ni dada, anajibiwa mume

Huku Marekani kuna maduka ya vifaa vya kupikia bia nyumbani tu, kimea cha shayiri (shayiri iliyooteshwa ikakaushwa), hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), hamira, ndoo za kuchachushia, haidromita ya kupimia sukari kwenye bia, na mimi nayajua vizuri coz kazi yangu ni kufundisha watu kupika. Wanafunzi wangu wengi ni akina dada na malalamiko yao ni yaleyale, wakiingia dukani na mwanaume, muuzaji anaongea na huyo mwanaume. Akiwa peke yake anaulizwa kama ni zawadi ya mume. Au anaoneshwa boksi la wanaoanza na ile flava ya matunda, hata hajasema anataka nini!

Watu wanasema hayo ni mambo madogo, mi sikubali, kwasababu kwenye bia jibu lisilo sahihi linaharibu pipa zima. Chukua mfano huu. Dada anauliza, napika laga lita 19, nitaichachusha kwenye nyuzi 10 za selsiasi, pakiti moja ya hamira kavu ya gramu 11 inatosha? Hilo ni swali la mtu anayejua anachofanya. Kwa eli, bia inayochachuka kwenye joto la kawaida la chumba, yenye nguvu ya kawaida pakiti moja inatosha, lakini laga ni bia inayochachuka kwenye baridi na hamira inafanya kazi taratibu kwahiyo inatakiwa karibu mara mbili. Sasa muuzaji akishaamua huyu ni mgeni, hasikii zile nyuzi 10, anasikia "hamira" tu, anamwambia moja inatosha mama usijali, na bia inachelewa kuanza kuchachuka na inaweza kuishia na harufu ya yai bovu au ladha ya tufaa bichi. Na dada anarudi nyumbani akiamini yeye ndo hajui kupika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwetu pombe ni kazi ya mama siku zote. Kilimanjaro wanaopika mbege ni wanawake, wanachemsha ndizi mbivu, wanaotesha ulezi wanausaga, wanatia magome ya msesewe kuleta uchungu, yaani kazi ileile hopsi inayofanya kwenye bia ya kizungu. Mtu aliyekua anamwangalia bibi yake anafanya hayo anaingia dukani anaelezewa kimea ni nini.

Na hata hukuhuku Marekani ushahidi upo wazi. Kupika bia nyumbani kuliruhusiwa na serikali kuu kwa sheria aliyosaini Jimmy Carter 1978, na chama cha wapikaji wa nyumbani kilianza mwaka huohuo. Mwaka 2013 tuzo yao ya mpikaji bora wa mwaka alichukua Annie Johnson, mwanamke mweusi, na alishinda kwa laga nyepesi ya kimarekani ambayo ni ngumu kwelikweli, haina hopsi nyingi wala kimea cheusi cha kuficha kosa, ukikosea kidogo mnywaji anajua.

Nyie mnaouza, nawaomba swali la kwanza liwe "unapika bia gani?" na mumwangalie aliyeuliza. Halafu ulizeni ataichachusha kwenye nyuzi ngapi, ana chombo cha lita ngapi. Majibu hayo ndo yatawaambia huyu anajua kiasi gani, na kama kweli anaanza mtajua palepale na mtamsaidia vizuri bila kumshusha.

Na wewe dada, taja namba zako mapema, kama unaloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 65 upate bia kavu, isiyo na utamu, au 68 upate nzito kidogo, sema. Akimjibu mwenzio, rudia swali, na mwenzio anyamaze kabisa hata kama jibu analo (waume naongea na nyie). Ikishindikana agiza mtandaoni, hamira kavu inasafiri salama kwa posta, ila ile ya majimaji miezi ya joto waambie waweke na barafu.